Kifua kikuu kwenye kundi la kulungu wa kufugwa: kukipima, kukisaka na kukimaliza

Kulungu jike amenenepa, manyoya yanang'aa, hajawahi kukohoa wala kubaki nyuma ya wenzake. Anafika machinjioni, mkaguzi wa nyama anapasua tezi iliyo nyuma ya koo, na kisu kinatoka na usaha mzito, rangi ya malai, usio na harufu. Wafugaji wengi hujua kwa njia hiyo kwamba kundi lao lina kifua kikuu, na kufikia siku hiyo ugonjwa huwa umeshakaa shambani miezi mingi, pengine miaka.

Mwongozo huu ni wa mfugaji, msimamizi wa shamba na daktari wa mifugo anayemhudumia. Kulungu tunaowazungumzia ni wale ambao pembe za madume huanguka na kuota upya kila mwaka: kulungu mwekundu, wapiti na jamaa zao. Si kulungu wa vichakani wa Afrika mwenye pembe za kudumu. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: mgonjwa wako ni kundi zima. Mnyama mmoja mmoja utampima, lakini uamuzi wa maana, kuanzia namna ya kusoma jibu hadi nani achinjwe, unategemea hali ya kundi alilotoka.

Unapambana na nini

Kijidudu ni Mycobacterium bovis, bakteria yuleyule wa kifua kikuu cha ng'ombe. Hukua polepole mno na hukaa ndani ya chembe za mwili zinazopaswa kumuua. Hushika ng'ombe, mbuzi, nguruwe, wanyamapori wengi na binadamu. Kulungu humpata zaidi kwa kuvuta hewa yenye vitone vya mnyama mgonjwa, au kwa kula na kunywa kilichochafuliwa kwa mate, kamasi, usaha au kinyesi. Ndama anaweza kunyonya ugonjwa kwenye maziwa, ingawa si njia kuu.

Kulungu ana tabia mbili zinazomfanya awe mgumu kuliko ng'ombe. Kwanza, haonyeshi. Kukohoa, kukonda na kuhema kwa shida ni dalili za mwishoni, na wengine hawazionyeshi kabisa. Mara chache utaona uvimbe chini ya taya au shingoni unaopasuka na kutiririka usaha, na mnyama huyo ni hatari kubwa kwa wenzake, kwa hiyo mtenge siku hiyohiyo. Pili, vidonda vyake havifanani na picha za vitabuni. Ng'ombe hutengeneza vinundu vigumu vyenye chokaa ndani, vinavyokwaruza kisu. Kulungu mara nyingi hutengeneza majipu yenye ukuta mwembamba yaliyojaa usaha, ambayo mtu asiye na uzoefu huyaita jipu la kawaida. Ukuta huo mwembamba ukipasuka, bakteria wengi hutoka kwa mpigo. Ndiyo maana kundi linaweza kuwa na mmoja aliyeambukizwa mwaka huu na nusu ya kundi miaka michache baadaye, hasa pale wanyama wanapobanwa kwenye zizi dogo na kulishwa kutoka hori moja.

Mnyama mgonjwa hatibiwi. Dawa zingehitajika kwa miezi mingi, angeendelea kumwaga bakteria, na M. bovis kwa asili yake hashindwi na pirazinamaidi, moja ya dawa kuu za kifua kikuu. Katika nchi nyingi ugonjwa huu ni wa kutolewa taarifa kwa mamlaka ya mifugo kwa sheria. Ukishuku, piga simu kabla hujahamisha mnyama yeyote.

Kabla ya sindano: hereni na yadi

Kipimo kisicho na utambulisho hakina thamani. Kila mnyama awe na hereni mbili, moja kila sikio, kwa sababu kulungu hung'oa hereni kwenye ua na vichakani. Namba iandikwe kwenye daftari au kompyuta pamoja na jinsia, umri, mama yake kama anajulikana, alikotoka na tarehe aliyoingia. Andika pia kila anayetoka: aliyeuzwa, aliyekufa, aliyechinjwa, aliyetoroka. Siku kidonda kitakapoonekana machinjioni, swali la kwanza litakuwa alilala na nani, malisho gani, mwaka gani. Shamba lenye majibu hayo humaliza uchunguzi kwa siku chache. Lisilo nayo hulazimika kumshuku kila mnyama na kila jirani.

Kisha yadi. Huwezi kupima vizuri mnyama anayepigana. Kulungu akifukuzwa na kubanwa kwenye joto huweza kufa kwa misuli kuungua ndani kwa ndani, hata siku kadhaa baada ya wewe kudhani mambo yamepita. Jenga kuta imara zisizo na mianya, urefu wa mita 2 au zaidi kwa kulungu mwekundu, na vyumba vidogo vyenye mwanga hafifu, maana gizani hutulia. Waingize kwa makundi madogo ya watano hadi kumi wa umri na ukubwa unaolingana, kisha mmoja mmoja kwenye krashi yenye kuta zilizowekwa sponji, zinazombana mabega na ubavu bila kumkaba shingo, kwa kuwa shingo ndiyo sehemu ya kazi. Wasaidizi washike ngao ya mbao, wasipige kelele, mbwa abaki nje.

Chagua majira. Epuka msimu wa kupandana: madume huwa hatari, na ngozi ya shingo zao hunenepa na kufunikwa manyoya marefu, hata uvimbe mdogo haushikiki. Epuka majike walio karibu kuzaa na waliozaa juzi. Epuka saa za jua kali. Hakikisha hali ya hewa itakuruhusu kuwarudisha wanyama walewale yadini siku tatu baadaye, kwa maana sindano isiyosomwa ni hasara mara mbili: umewasumbua bure, na ngozi zao hazitaaminika tena kwa miezi mitatu hadi minne.

Kipimo cha ngozi, hatua kwa hatua

Ndicho kipimo cha msingi kila mahali. Unaingiza tuberkulini, yaani protini iliyosafishwa kutoka kwa bakteria waliouawa, ndani ya ngozi. Mnyama aliyewahi kukutana na bakteria huyo huvimba mahali hapo. Kwa kawaida sheria hutaka kazi hii ifanywe na daktari au fundi aliyeidhinishwa, lakini mfugaji anayejua kila hatua huona kosa mapema.

1. Hifadhi tuberkulini kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, mbali na mwanga. Isigande. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi. Chupa iliyofunguliwa itumike siku hiyo, inayobaki itupwe. Yadini iwe kwenye kiboksi cha baridi kivulini, si juu ya bonati ya gari.

2. Nyoa katikati ya shingo, upande mmoja, mbele ya bega, mpaka ngozi ionekane. Si kupunguza manyoya: ni kunyoa kabisa, kipande cha sentimita 10 kwa 10 angalau. Tumia mashine yenye wembe mkali na usikwaruze. Hatua hii ndiyo inayoachwa mara nyingi zaidi na ndiyo inayoharibu vipimo vingi zaidi. Manyoya ya majira ya baridi yana uwezo wa kuficha uvimbe wa milimita kadhaa machoni na hata vidoleni. Ukiambiwa na mtu kwamba anaweza kupima wanyama wengi kwa saa bila kunyoa, mkatalie.

3. Papasa sehemu iliyonyolewa. Ikiwa na kovu, kinundu, kupe au jeraha, sogea pembeni. Shika mkunjo wa ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada, upime unene kwa kalipa, uandike milimita dhidi ya namba ya hereni.

4. Choma mililita 0.1, yaani sehemu ya kumi ya mililita, za tuberkulini ya M. bovis kwa sindano fupi nyembamba ya geji 25 au 26. Sindano iingie kwa mshazari kwenye ngozi yenyewe, isipite chini yake. Ukipatia, kijipele kigumu kama punje ya dengu huinuka papo hapo. Kipapase. Kama hakipo, dawa imepita chini ya ngozi au imemwagika kwenye manyoya: choma tena sehemu nyingine, mbali kidogo, na uandike ulikochoma.

5. Soma baada ya saa 72. Kanuni nyingi huruhusu saa chache kabla au baada, lakini panga ratiba ili mnyama aliyechomwa wa kwanza asomwe wa kwanza. Tazama, kisha papasa, kisha pima tena kwa kalipa ileile, mkononi mwa mtu yuleyule. Kusoma kwa macho peke yake hakukubaliki.

Katika kipimo hiki cha tuberkulini moja, kulungu husomwa kwa ukali: uvimbe wowote unaoonekana au kushikika, hata mdogo, humfanya awe wa kushukiwa. Andika ukubwa na aina yake, kama ni mgumu wenye mpaka au laini wenye maji, kama una joto na maumivu.

Yupo ndugu wa kipimo hiki, kipimo cha kulinganisha. Hapo unanyoa sehemu mbili upande mmoja wa shingo, umbali wa sentimita 12 hadi 15, unachoma tuberkulini ya bakteria wa ndege juu na ya M. bovis chini, mililita 0.1 kila moja, kisha unalinganisha ongezeko la unene. Udongo na ndege vimejaa bakteria wa ukoo huu wasioleta kifua kikuu, nao huichanganya ngozi. Mnyama anayevimba zaidi upande wa ndege kuliko wa M. bovis huenda amekutana na hao, au ana ugonjwa wa Johne, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na bakteria wa ukoo huohuo. Vipimo vya milimita vya kuamua hutofautiana baina ya nchi, kwa hiyo tumia jedwali la mamlaka yako bila kulikadiria. Kosa la hatari hapa ni kubadilishana mabomba ya sindano. Yawe na rangi tofauti, na kila moja libaki mkononi mwa mtu mmoja tangu asubuhi hadi mwisho.

Usirudie kipimo cha ngozi kabla ya siku 90 hadi 120 kupita, kulingana na kanuni za nchi. Tuberkulini hulegeza mwitikio wa ngozi kwa muda, na anayerudia mapema hupata majibu mazuri yasiyo ya kweli. Nchini Marekani, kwa mfano, kipimo cha kulinganisha kinachofuata kile cha kwanza hufanywa ama ndani ya siku 10 au baada ya siku 90, si katikati.

Jibu linamaanisha nini kwenye kundi lako

Ikifanywa vizuri, sindano ya shingoni hukamata takriban kulungu 8 kati ya kila 10 walioambukizwa. Chukua mfano wa hesabu: kundi la 200, kumi wameambukizwa, na kipimo huwapa wazima jibu sahihi mara 98 kati ya 100. Utapata 8 wa kweli na wazima 4 waliosingiziwa. Wawili walioambukizwa watarudi malishoni na cheti safi. Sasa chukua kundi la 200 lisilo na ugonjwa kabisa: bado utapata wanne waliovimba, na wote wanne ni wazima. Jibu lilelile la shingo moja lina maana mbili tofauti kutegemea kundi. Kwa hiyo kwenye kundi lenye historia safi, anayevimba hupelekwa kwenye kipimo cha pili na huhesabiwa mgonjwa iwapo vyote viwili vimesema hivyo. Kwenye kundi lililothibitika, mnyama huondolewa hata kama ni kipimo kimoja tu kilichomtaja.

Wanaoponyoka ni akina nani? Yule aliyeambukizwa majuzi, kwa sababu mwili huhitaji wiki 3 hadi 6 kabla ngozi haijajifunza kuvimba. Jike aliye karibu kuzaa au aliyezaa hivi karibuni. Mnyama aliyechomwa dawa za jamii ya kotizoni. Aliyehenyeshwa sana yadini. Na wa hatari kuliko wote, mgonjwa wa muda mrefu, aliyejaa majipu, ambaye kinga yake imechoka kiasi kwamba ngozi haijibu tena. Huyo ukimrudia mara tano kwa sindano ileile atakuponyoka mara tano. Ndiye jike mzee anayeambukiza watoto wake na watoto wa wenzake huku akipita kila mwaka. Kurudia kipimo kilekile hakumtoi. Anatolewa na kipimo cha aina nyingine.

Damu

Kipimo cha kingamwili kwenye damu, kama Elisa, kinafaa hasa kwa huyo aliyechoka ngozi: ugonjwa unapozidi, mwitikio wa ngozi hushuka na kingamwili hupanda. Muda wake bora ni wiki 2 hadi 4 baada ya sindano ya ngozi, kwa sababu tuberkulini huchochea kingamwili kwa mnyama aliyeambukizwa. Damu iliyotolewa kabla ya sindano hukosa msukumo huo. Toa mililita 10 kwenye mshipa mkubwa wa shingo, upande usiochomwa, kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Iache igande kivulini, tenganisha seramu, yaani majimaji yanayojitenga na damu iliyoganda, itunze kwenye baridi. Damu nzima isigandishwe kwenye friza, chembe nyekundu zitapasuka na sampuli itaharibika.

Vipimo vinavyoangalia chembe hai za kinga vina utaratibu wa kinyume: chupa ya heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), joto la kawaida la chumbani, si friji, na maabara siku hiyohiyo au ndani ya saa 24. Nyuzilandi, kwa mfano, kikundi cha Chuo Kikuu cha Otago kiliunganisha kipimo cha chembe na cha kingamwili kuwa kipimo kimoja cha damu kwa ajili ya kulungu, mahsusi kuokoa wazima waliovimba ngozi na kuwanasa wagonjwa wasiovimba. Kifaa cha ng'ombe cha kupima gama-intafironi, protini inayotolewa na chembe za kinga, usikitumie kwa kulungu kwa kudhani kitafanya kazi. Ulizia maabara kama kimethibitishwa kwa spishi yako.

Machinjioni na mezani: kupasua mzoga

Kila kulungu anayechinjwa shambani mwako ni kipimo cha bure. Omba taarifa ya mkaguzi kwa kila shehena, hata kama hakuna kilichoonekana, na uitunze. Shamba linalochinja wanyama wengi kila mwaka bila kidonda chochote lina ushahidi mzuri kuliko cheti cha ngozi peke yake.

Mnyama aliyeshukiwa akichinjwa, usiridhike na kutazama mapafu. Anza na kichwa. Geuza kichwa chali, fungua koo, tafuta tezi mbili zilizo nyuma ya koo, moja kila upande wa katikati, kubwa kama kokwa la tende au zaidi. Hapa ndipo vidonda vya kulungu hupatikana mara nyingi kuliko popote. Zikate vipande vyembamba vya milimita 2 hadi 3, kama unavyokata kitunguu, utazame kila uso. Kidonda cha mapema huweza kuwa kama kichwa cha pini, na mkato mmoja wa katikati hukipita. Endelea na tonsili, tezi za chini ya taya, zile za kifuani zilizo kwenye njia za hewa na katikati ya mapafu, kisha tezi za matumbo. Papasa mapafu kwa vidole kabla ya kuyakata.

Usaha peke yake si ushahidi. Majipu ya bakteria wengine hufanana, mara nyingi yakiwa na harufu kali. Ya kifua kikuu kwa kawaida hayanuki. Bakteria wa ndege na ugonjwa wa Johne navyo huacha alama kwenye tezi za matumbo. Chukua sampuli hata pale usipoona kitu: tezi za kichwa na kifua kwenye chombo safi kilichobanwa, zipelekwe kwa baridi ndani ya siku moja au zigandishwe, na kipande kisichozidi sentimita 1 kwenye fomalini ya asilimia 10, fomalini mara kumi ya ukubwa wa kipande. Usiweke sampuli ya kuoteshwa kwenye fomalini, bakteria atakufa na huo ndio mwisho wa ushahidi. Kisu kibadilishwe au kisafishwe kikamilifu kati ya mnyama na mnyama.

Kipimo cha vinasaba hutoa dokezo ndani ya siku chache. Kuotesha bakteria huchukua wiki 6 hadi 12, na bado ndiko kunakotegemewa zaidi kuthibitisha. Bakteria akishapatikana, omba asomwe aina yake ya vinasaba. Ndiyo njia ya kujua kama ametoka kwa ng'ombe wa jirani, kwa mnyamapori au kwa mnyama uliyemnunua mbali, na hatua za kuchukua ni tofauti kabisa katika kila hali.

Kundi likithibitika

Siku ya kwanza, hakuna anayeingia wala kutoka isipokuwa kwenda machinjioni kwa kibali. Orodhesha walionunuliwa na waliouzwa kwa miaka kadhaa nyuma, uwaarifu wahusika kupitia mamlaka. Ni simu ngumu kupiga, lakini jirani aliyeuziwa dume lako anastahili kujua kabla hajapandisha kundi lake zima.

Kisha gawa kundi kwa umri na kwa malisho, na usichanganye tena. Pima wote waliofikisha umri wa kupimwa, ondoa waliovimba, fuata na damu, ondoa waliotajwa na damu. Rudia muda wa kusubiri ukipita. Mashamba mengi hukwama hapa kwa sababu moja: wanamwondoa mgonjwa na kuacha familia yake. Ondoa pia ndama wa jike aliyethibitika, na majike wazee wa kikundi hicho hata kama wamepita kila kipimo. Kuchinja majike wazee ishirini mapema huumiza mfuko. Kubaki na mmoja asiyejibu kipimo huumiza kwa miaka.

Kwa kawaida karantini huondolewa baada ya vipimo viwili mfululizo au zaidi vya kundi zima visivyo na mgonjwa, vikitenganishwa kwa miezi, na mara nyingi baada ya uchunguzi wa mizoga. Kama sehemu kubwa ya kundi imeathirika tayari, au yadi haikuruhusu kupima kila mnyama, kuchinja kundi zima, kupumzisha shamba na kuanza upya kwa wanyama safi ni uamuzi wa busara, wala si wa aibu. Ufanywe mapema, pamoja na mamlaka na kwa kuuliza fidia inayotolewa na sheria ya nchi, badala ya kuufikia baada ya miaka mitano ya kupima na kupoteza.

Usafi una mpangilio wake. Ondoa kinyesi na matandiko kwanza, osha kwa maji yenye presha ndogo ili usirushe vitone hewani, ndipo upake dawa. Dawa nyingi za kawaida za zizi, hasa za jamii ya amonia ya kwatenari, hazimuui bakteria huyu kwa sababu ana ukuta wa nta. Tumia ya jamii ya fenoli au nyingine iliyoandikwa wazi kwamba inaua maikobakteria, kwa kipimo na muda ulioandikwa. Mahori, vyombo vya maji na krashi vije kwanza. Malisho wazi husafishwa na jua na ukavu. Mahali penye kivuli, unyevu na baridi ndipo bakteria anapodumu wiki hadi miezi, kwa hiyo hapo ndipo pa kupumzisha muda mrefu zaidi.

Chanjo ya BCG imejaribiwa kwa kulungu na hupunguza ukali wa ugonjwa, lakini huvimbisha ngozi wakati wa kupima na kufanya majibu yasisomeke. Usiichome bila mpango rasmi wa mamlaka.

Kuzuia usirudi

Njia kuu ya kuingia ni lango lako mwenyewe. Nunua kutoka kundi lenye rekodi safi ya miaka mingi, na uione rekodi ya kundi zima, maana cheti cha mnyama mmoja hakikuambii kitu kuhusu aliowaacha nyuma. Apimwe kabla ya kusafiri, atengwe kwenye uwanja usiopakana na kundi, apimwe tena baada ya siku 90 hadi 120, ndipo achanganywe. Dume la kuazima ni hatari isiyo na sababu pale mbegu za kupandikiza zinapopatikana.

Njia ya pili ni wanyamapori, na hapa kila eneo lina wake: posamu (mnyama mdogo apandaye miti) Nyuzilandi, baja (mnyama achimbaye mashimo) Uingereza na Ayalandi, nguruwe mwitu Hispania, kulungu mkia-mweupe kaskazini-mashariki mwa Michigan. Palipo na chanzo cha porini, kupima mifugo peke yake hakumalizi ugonjwa. Posamu mgonjwa wa mwishoni hutembea mchana akiyumba, na kulungu kwa udadisi wao humzunguka, humnusa na kumlamba. Mnyamapori yeyote anayeyumba au aliyekufa malishoni aondolewe kwa glavu kabla kulungu hawajamfikia, na apelekwe kuchunguzwa. Ua wa kulungu wa mita 2 hauzuii anayepanda wala anayechimba, kwa hiyo ziba chini na ulinde hasa stoo ya chakula.

Usimwage chakula chini kwa rundo. Rundo moja huita pua zote mahali pamoja, za mifugo na za porini, na mate ya mmoja huwa chakula cha mwenzake. Tandaza mbali au tumia mahori yaliyoinuliwa, mengi ya kutosha hata wanyonge wale bila kusukumana. Inua vyombo vya maji, zungushia ua madimbwi. Kwenye mpaka na ng'ombe au kulungu wa jirani weka ua mara mbili wenye nafasi ya mita 2 hadi 3, wasifikiane pua kwa pua. Krashi na gari la kuazima vioshwe kabla havijaingia.

Watu wanaofanya kazi

M. bovis huambukiza binadamu. Alberta, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliohudumia wapiti wagonjwa wa mashambani waliambukizwa. Hatari kubwa ni kuvuta hewa wakati wa kupasua majipu na kuosha kwa maji ya kasi ndani ya jengo. Vaa barakoa ya kuchuja ya daraja la N95 au FFP3 inayobana uso, miwani na glavu, fanya kazi mahali penye hewa, na usipasue jipu kwa ajili ya kuwaonyesha watu. Usinywe maziwa ya kundi lililoshukiwa bila kuchemsha. Waliohusika wapimwe kifua kikuu, na akipatikana mwenye ugonjwa, amwambie daktari kwa maneno haya: "Nimefanya kazi na wanyama wenye M. bovis." Bila sentensi hiyo ataandikiwa mchanganyiko wa kawaida wa dawa, na pirazinamaidi iliyomo haitamsaidia.